Dativa Amepandishwa Daraja

Jumanne, Kibondo. Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Probox yangu iko sokoni, abiria wa Kasulu hawajatimia, na roho yangu leo ni mbaya.

Dativa amepandishwa daraja.

Dativa ni binti wa mama mdogo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwa pikapu ya baba, kwenye barabara ya Busunzu tulipokuwa tunapeleka maharage. Gari likimzimikia mlimani alikuwa analia.

Mwaka juzi timu moja ya mbio za magari ilikuja Kasulu kutafuta madereva chipukizi. Tulikwenda wote wawili. Siku ile hakuna aliyenishinda kasi. Lakini kocha aliniambia nipunguze mwendo kwenye kona ya mwisho, mimi nikaongeza, nikang'oa bampa. Dativa alipunguza.

Wakamchukua yeye.

Wamemlea hatua kwa hatua. Alianza gereji, kazi yake kufungua matairi. Kisha wakamkalisha pembeni ya dereva, amsomee kona zinazokuja. Mwaka jana wakampa gari dogo, ashindane na wanaoanza wenzake. Sasa amepewa gari la daraja la pili, lenye jina lake ubavuni. Mama mdogo ametuma picha kwenye grupu la ukoo. Nimeweka dole gumba, nikaifunga simu.

Jioni, Kasulu. Mchana Dativa alinipigia mwenyewe.

"Dada Espe, hili gari lina nguvu, linanishinda kwenye tope. Mazoezini nimetoka njiani mara mbili. Nikikosea tena kwenye mbio za Jumamosi wananirudisha chini. Ule mteremko wa Busunzu, mvua ikinyesha, ulikuwa unafanyaje?"

Najua vizuri. Nateremka pale karibu kila wiki.

"Nimesahau," nikamjibu. "Waulize makocha wako."

"Haya, dada."

Naandika ukweli: nilisikia utamu. Haukumaliza dakika kumi. Nikaanza kuliona gari limelala kwenye mtaro, magurudumu juu, na yeye ndani.

Nikampigia. Nikamwambia breki zote azimalize mapema, gari likiwa bado limenyooka. Akishaanza kukata kona aziachie, mafuta akanyage kidogo kidogo, macho yawe kule anakotaka kutokea. Nikamtaka ayarudie yote, neno kwa neno. Akarudia.

"Kumbe hukusahau," akasema.

"Sikusahau. Nilikuonea wivu."

"Najua, dada. Hata mimi siku ile Kasulu, ulipokuwa unazunguka, niliomba Mungu ukosee."

Abiria walikuwa wametimia, nikawasha gari. Njia nzima nimeyatafuna maneno yake, na ajabu ni kwamba hayakuniuma kama nilivyotegemea.

Wivu bado ninao, sitajidanganya. Jumamosi nitamwombea asitoke njiani, amalize salama.

Kumwombea ashinde? Hilo nipeni siku nne.