Lori Limelalia Upande wa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, niokoe haraka, maana nimeharibu mwenyewe na wewe ndiye wa kwanza kunisikia nikikiri. Mimi ni seremala, nina lori la jeshi la zamani ambalo nalipenda kupita kiasi, nimelipaka rangi mpaka uvunguni, na kiti cha abiria nimekichonga kwa mikono yangu, mbao ngumu tupu, kinang'aa, ila kulipanda lori lenyewe ni adhabu, ukipita kwenye tuta meno yanagongana, na mke wangu kila safari alishuka ameshika kiuno, nami kwa miaka kumi na tisa nikamwambia, "Mama watoto, lori halina shida, shida ni huo mgongo wako." Sasa binti yetu anaolewa wiki ijayo na ameomba tumpeleke na lori hilo, mama yake akae mbele nami, nikamwonea huruma mke wangu, lakini nikaona aibu kukubali kwamba nilikosea, basi alipokwenda sokoni nikaingia uvunguni kimyakimya, zile springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, nikachomoa vitatu mbele na vitatu nyuma, upande wake tu, ili akae laini bila kujua kwa nini, upande wangu sikuugusa kwa sababu mimi, kama nilivyosema siku zote, sina shida.

Mshauri, tulipotoka getini lori lilikuwa limelalia upande wake kabisa. Fundi viatu wa jirani akapaza sauti, "Shemeji, shuka kidogo, unalizamisha gari!" Mtaa mzima ukacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Mke wangu akashuka, akafunga mlango taratibu, akahamia kwa dada yake, na amesema harusini haji kama mimi nitakuwepo. Binti yangu analia tu. Nikisema ukweli nimekiri kosa la miaka kumi na tisa, nisiposema ataamini nilimfanya kichekesho. Nifanyeje?

Seremala Aliyepinda

JIBU

Seremala, pole. Hiyo pole ni ya binti yako, usiichukue.

Nimecheka mpaka nikavua miwani, halafu nikakasirika. Una mapenzi ya kulala chali kwenye grisi kwa ajili ya mke wako, lakini huna mdomo wa kusema nimekosea? Na nani alikudanganya kwamba lori lina upande wa mke na upande wa mume? Kona moja kali na mngekuwa mtaroni nyote, na bibi harusi juu yenu.

Nimemuuliza fundi wa malori anayekuja kunywa chai ofisini kwetu, naye ameomba nikutukane kwa niaba yake. Lori hilo lilitengenezwa kubeba tani za mizigo, wewe unalizungusha tupu, lazima liruke. Halafu ile rangi yako ya mbwembwe pamoja na kutu vimegandisha springi, vyuma vyake haviwezi kuteleza kimoja juu ya kingine. Tafuta fundi, mzifungue springi pande zote mbili, mzisugue, mpake grisi katikati ya vyuma, na mbadilishe shokomzoba zilizokufa, zile za kuzuia mtikisiko. Upepo wa matairi apime yeye, si wewe. Siku ya harusi pakia viti vya wageni nyuma, uvifunge vizuri, uzito utalituliza. Na kiti cha abiria kiwekee godoro, bwana! Chako cha dereva kina sponji, sivyo? Nilijua.

Lakini hayo baadaye. Leo rudisha vile vyuma sita, lori liwe kama lilivyokuwa miaka yote. Mpe fundi usukani, wewe ukalie ule ubao wako unaong'aa, mpite kwenye matuta mpaka sokoni na kurudi. Ukishuka umeshika kiuno, usijinyooshe. Nenda hivyo hivyo kwa shemeji yako, ugonge, mke wako akifungua umwambie, "Mama watoto, mgongo wako haukuwa na shida."

Kisha subiri hapo hapo mlangoni. Safari hii ni zamu yake kucheka.