Yule Mwalimu wa Runingu

Bahati, mujukuu wangu,

Salamu toka hapa Nyamianda. Mama yako iko muzima, na dada yako amezaa mutoto mwanamuke. Magoti yangu tu ndiyo inalalamika.

Umeniandikia kwamba Leta, serikali yetu, imekutoa kwenye ualimu wa shuleni na kukupeleka biro ya kilimo, na mwenzako anakushauri upunguze umri kwenye fishi mpya, ile karatasi ya kujiandikisha kazi, ili utumike miaka mingi zaidi mbele ya retrete, ni kusema kustaafu. Minye nilifanya hivyo.

Nilifundisha shule kule Runingu miaka kumi na mitatu, na kila mwezi Leta ilikata kitu kidogo kwenye mushahara wangu ya pansio, ile feza ya uzeeni. Waliponihamisha biro moja ya hapa Uvira, nilikuta imejaa wasichana. Nikaona haya, nikajiandika kwenye fishi yao mudogo kwa miaka sita. Karani, mzee mupole, aligeuza ile fishi mara mbili. "Mama, ni hii kweli?" Nikacheka, nikasema ni hii. Siku ile nilitembea kama binti.

Mwaka jana nimeenda kuomba pansio, dosie zangu mbili, ya shule na ya biro, zikakataa kuungana. Jina ni moja, lakini tarehe za kuzaliwa ni mbili, kwa hiyo kwao tuko wanawake wawili. Kijana wa pale hakuwa na ubaya. Alisema, "Bibi, huyu mwingine, mwalimu wa Runingu, miaka yake iko hapa yote. Akuje mwenyewe."

Weye andika tarehe yako ya kweli. Minye nilirudi nyumbani kwa mguu, bila pansio ya ile miaka kumi na mitatu, nikimuwaza yule mwalimu na chaki yake kwenye vidole, na namna nilimukana nikicheka mbele ya yule karani.

Bibi yako