Mama Asiye na Picha

Hodan, mjukuu wangu,

Amani ya Mungu ikufikie huko Nairobi. Mimi na nyanya yako hatujambo, goti lake limepoa kidogo, na alhamdulillahi mvua imegusa Garissa.

Umeniuliza kama kituo chetu kidogo cha televisheni, kile cha mtaa wa Iftin kilichofungwa, kilimsaidia mtu yeyote.

Wakati huo nilikuwa bado na mgongo wa kubeba kamera. Asubuhi moja aliingia mama kutoka Banissa. Miaka mingi nyuma mwanawe alipoteza ngamia wa familia, akakimbia kwa aibu, na sasa mama alikuwa amesikia kwamba ameonekana mjini kwetu. Mhariri akamwomba picha.

"Sina."

"Sasa watu watamjuaje, hooyo?" mhariri akauliza, akimwita mama kwa Kisomali.

Mama akafikiri, kisha akanigeukia. "Waonyeshe watu sura yangu mimi. Miaka mingi imepita, sura yake siijui tena. Lakini yangu anaijua."

Mhariri alicheka, mimi nikawasha kamera. Mama akasema, "Abdi, ngamia walirudi wenyewe. Na wewe rudi."

Siku ya tatu akaja mwanamume mwenye ndevu, mpakuaji wa mizigo sokoni. Alisimama mlangoni, akashindwa kuingia. Mama, aliyekuwa akisubiri kituoni kila siku, akamfuata, akamshika mashavu. "Umekonda," akamwambia, na yule mtu mzima akalia kama mtoto.

"Piga picha!" mhariri akaninong'oneza.

Niliwatazama, Hodan, kisha nikatoka nje na kamera yangu. Watazamaji hawakuona mwisho wa habari ile, na mpaka leo sijutii.

Mungu akulinde, na masomo yako ayabariki.

Babu yako, awoowe wako,
Garissa