Jumamosi Tunapanda Kilima

Jumatatu, 8 Septemba

Jioni tena nyuma ya kanisa, kwenye jiwe letu la mtandao. Mkono juu, simu juu, shingo inauma. Ujumbe umeingia kwa mkupuo. Kaka Bahati wa Mpofi ametuma sauti ndefu kama mahubiri: miche iko tayari. Mingi. Imefika magotini. Vijana wa kule Walikale wameimwagilia kiangazi chote, sasa wanauliza: ninyi wa Kibabi, kilima chenu lini?

Lini! Mimi ningesema kesho.

Kundi letu ni vijana wa amani na mazingira, Kibabi upande huu, Mpofi ya Walikale upande ule. Kila jioni tunapeana habari. Njia gani imefunguka. Nani amegombana na nani kwa ajili ya shamba. Mvua imebomoa wapi, na tufanye nini. Karibu kila mara habari ni mbaya. Leo ni nzuri. Nimecheza peke yangu juu ya jiwe. Mzee wa kanisa ameniona. Basi, ameniona.

Kilima chenyewe ni kile cha juu ya chemchemi. Kimebaki kipara. Mvua zilizopita zilishusha matope, chemchemi ikazikwa, tukaifukua kwa majembe. Ikizikwa tena sijui kama tutaiona. Mama na wenzake watalazimika kushuka mpaka mtoni, na njia ya mtoni ina watu wenye bunduki. Wanawake wanajua kinachowapata kule. Kwa hiyo miti. Kabla ya mvua kubwa.

Jumatano, 10 Septemba

Soko. Claudine ameshuka na maziwa yake. Kwao ni watu wa ng'ombe, nyumba yao iko Karuba, lakini mifugo yao inachungwa hapa juu ya kilima chetu. Sisi ni watu wa jembe. Claudine ndiye peke yake wa upande wao aliyeingia kundini. Kwao wanamcheka, kwetu wanamchungulia. Mimi nampenda. Anajua kubishana.

Amemwuliza baba yake kama tunaweza kuweka miti kwenye mteremko. Papa Claudine amejibu: "Tutaona."

Claudine anasema "tutaona" ya baba yake inaweza kukaa mwaka mzima. Mimi nimesikia "ndiyo" iliyovaa koti. Nimemwambia Mama. Mama, bila kuinua macho kwenye maharagi: haraka haraka haina baraka. Aliyetunga methali ile hakuishi chini ya kilima kipara.

Alhamisi, 11 Septemba

Kaka Bahati na wenzake wanakuja! Pikipiki zimepatikana, njia iko wazi, hakuna anayejua kwa muda gani. Jumamosi hii. Nimepiga kelele.

Chaji ilikuwa inaisha. Nimeandika haraka, kwa kundi zima:

"JUMAMOSI TUNAPANDA KILIMA. VIJANA WOTE. KILA MUTU NA PANGA NA JEMBE. WA MPOFI PIA WANAKUYA. MUSICHELEWE."

Imekwenda. Simu ikazima mkononi. Nimefurahi mpaka ugali haushuki.

Ijumaa, 12 Septemba

Vidole gumba vimejaa kwenye ujumbe wangu. Wengine wameutuma mbele kwa wengine. Vizuri, uende.

Leo asubuhi maziwa hayakushuka. Hakuna mchungaji wa ng'ombe hata mmoja aliyepita kijijini. Labda kuna msiba kwao. Nimenoa panga la kukatia majani na vijiti.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Tulipanda asubuhi. Vijana wengi kuliko nilivyoota. Mapanga, majembe, nyimbo. Niliongoza nyimbo mimi.

Juu hakuna mtu. Hakuna ng'ombe. Kibanda cha wachungaji kiko wazi, moto bado una joto, sufuria ya viazi imeachwa mafigani. Ndama mmoja amefungwa kwenye kigingi, analia. Tulicheka kwanza. Tukasema, leo wamelala wapi hawa?

Halafu simu ikashika mtandao kule juu. Ujumbe wa Claudine, wa jana usiku: "Sifa, munakuya kutufanya nini?"

Nikausoma tena ujumbe wangu. Nikausoma kwa macho yao. Tunapanda kilima. Vijana wote. Panga. Wa Mpofi pia.

Sikuandika neno "miti". Popote.

Nilikaa chini kwenye majani. Walihama usiku, na watoto, na mvua ile nyembamba, kwa sababu yangu. Ulimi hauna mfupa, na kidole changu vilevile.

Mpofi nao hawakufika. Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki alichukua simu ya Kaka Bahati, akausoma ujumbe uleule, akauliza: munapanda kilima gani, kushambulia nani? Kaka Bahati alifungua maturubai, akamwonyesha mche mmoja mmoja mpaka yule mtu akachoka. Wamerudishwa mjini Masisi. Wako salama. Wangeweza kufa na miti mikononi.

Imebaki shida ya ndama. Tukimchukua, tumeiba. Tukimwacha, tumemuua. Vijana walibishana sana. Nimemfungua mimi. Kesho nampeleka Karuba.

Jumapili, 14 Septemba

Mama alikataa niende peke yangu. Alivaa kikwembe cha ibada, akanivalisha na mimi kingine. Hakuna jembe, hakuna panga, hata kisu cha ndizi aliniondolea mfukoni. Njia nzima ndama alitaka kurudi. Nilimsukuma matako, Mama alimvuta. Tungekuwa na siku nyingine tungecheka.

Karuba watu walitoka kutuangalia. Hakuna aliyesema karibu. Claudine alitoka, akamshika ndama, hakunishika mimi. Hiyo imeuma kuliko yote.

Nilieleza. Kupanda miti, Papa, si kupanda mulima. Miti! Nilidhani wataelewa na kucheka na mambo yataisha. Papa Claudine alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mrefu, anaongea polepole, fimbo mabegani.

"Mutoto wangu," akasema, "ungesema ya kupanda mulima, ningeogopa kidogo. Ule wa kupanda mulima, atashuka. Ule wa kupanda muti, anabakiaka."

Na ni kweli. Huku kwetu aliyeweka mti ameweka jina lake. Babu yangu alishinda kesi ya shamba kwa miti mitatu ya avoka. Mimi mwenyewe nimeisimulia kesi ile mara ngapi, kwa fahari!

Tumerudi. Mama amesema neno moja tu, karibu na nyumbani: angalau ndama amefika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekasirika. Nina hasira na nafsi yangu, na wao, na Kiswahili chenye neno moja kwa mambo mawili.

Kikao cha kundi kimekuwa fujo. Wengine: tupande tu, kilima si cha ng'ombe. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilitaka kusema hivyohivyo. Nilifungua mdomo. Nikaona sufuria ile ya viazi. Nikaufunga.

Mvua imeanza kunyesha kwa nguvu mchana. Chemchemi imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Kaka Bahati! Kaka Bahati huyu, nitamwimbia mpaka anikimbie!

Bado wako Masisi na miche yao, wamelala kwenye ukumbi wa parokia. Ametuma sauti. Nimeisikiliza mara tatu nyuma ya kanisa, ya mwisho nikiruka.

"Sifa, acha kulia. Mukipanda ninyi, wataogopa. Wakipanda wao, ninyi mutaogopa. Sisi njo tutapanda. Hatuna shamba kule, hatuna ng'ombe kule. Mugeni atadai kilima ya nani?"

Mpofi walifanya hivyo kwao, anasema, kwenye kingo za mto, kati ya koo mbili zisizosalimiana. Waliita watu wa mbali waje kupanda. Miti imekua, na hakuna wa kuipeleka mahakamani.

Ni rahisi hivyo. Nimejisikia mjinga na mwenye furaha kwa wakati mmoja.

Nimemtumia Claudine sauti ile. Sikuongeza neno langu hata moja. Nimejifunza.

Ijumaa, 19 Septemba

Claudine amejibu! Siku nzima nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba yake amesikiliza, akaomba arudishe, akasikiliza tena. Ameuliza swali moja tu: "Na kisha kupanda, watarudia kwao?"

Nikaandika: siku ileile, Papa. Kabla ya giza.

"Basi."

Basi! Basi ya Papa Claudine! Claudine anasema hajawahi kuisikia ikija haraka hivyo. Na chini ya ujumbe ameandika: "Ndama anakusalimia." Nimelia kidogo. Vizuri tu.

Jumanne, 23 Septemba

Mpango umeandikwa. Sisi tunachimba mashimo na mitaro ya kuzuia udongo. Watu wa ng'ombe wanaleta samadi. Mpofi wanapanda. Claudine amekagua ujumbe wangu kama mwalimu anayesahihisha dictée darasani. Amefuta "panda" zote. Tumeandika: "Jumamosi, salongo. Kuweka miche ya miti ardhini, juu ya source." Source ni chemchemi yetu; salongo kila mtu anaijua, ni kazi ya pamoja, hakuna aliyewahi kukimbia salongo isipokuwa wavivu. Halafu Claudine ameusoma kwa sauti kwa Mama, kwa mzee wa kanisa, kwa muuza chumvi. Wote wamesema miti. Ndipo ukatumwa.

Ninaogopa njia. Ninaogopa barrière. Ninaogopa mtu mmoja atakunywa na kusema neno baya. Lakini furaha ni nyingi kuliko woga, leo.

Jumamosi, 27 Septemba

Imefanyika. Imefanyika! Nimechoka mpaka kucha. Mgongo si wangu.

Walifika asubuhi, pikipiki nne, na miche mingine imepangwa kwenye chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, walizoazima Masisi. Chukudu zilisukumwa kwenye matope na vijana wetu pamoja na wale wa Karuba, na walipofika juu matope yalikuwa yamewafanya wote wa kabila moja. Nimemwona Kaka Bahati uso kwa uso mara ya kwanza. Kwa sauti ile nilidhani ni jitu. Anafika begani kwangu. Na anaogopa ng'ombe! Kila ng'ombe akiinua kichwa, yeye nyuma ya Mama.

Tulichimba. Wanawake wa Karuba walishuka na samadi kwenye vikapu, kwanza wakakaa mbali, wakamwaga na kuondoka. Raundi ya tatu wakaanza kutuambia mashimo yetu ni mafupi. Yalikuwa mafupi kweli. Tukachimba tena, na matusi madogo ya kirafiki, na Mama akawajibu, na hapo nikajua siku imekaa vizuri.

Mpofi walipanda. Wao tu. Mikono yao tu. Kijana wetu mmoja alichukua mche kwa kujisahau, watu wa pande zote mbili wakapiga kelele "Acha!" pamoja. Kisha kicheko. Nadhani ndicho kicheko cha kwanza cha pamoja nilichosikia kwenye kilima kile.

Ugomvi ulikuwepo. Mstari wa miche ulikatisha njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji. Papa Claudine, aliyekuwa amesimama asubuhi nzima na fimbo, alishuka, akaisimika fimbo pale: "Hapa, hapana." Vijana wetu wakaanza kupaza sauti. Mimi pia damu ilipanda. Kaka Bahati akang'oa miche yake mitano aliyokwisha kuiweka, taratibu, akaihamishia pembeni. Akasema yeye ni mgeni, anaweka anapoambiwa. Nani atagombana na mtu kama huyo?

Wameondoka kabla ya giza, kama tulivyoahidi. Papa Claudine amewasindikiza mpaka barabarani na kibuyu cha maziwa. Alikuwa anahakikisha wameondoka, au alikuwa anawaaga. Claudine anasema yote mawili.

Mwezi wa kwanza ni zamu yetu kwenda Mpofi, kama njia itaruhusu. Wana mteremko unaokula shamba la shule. Tutapanda sisi, wageni. Claudine anakuja. Sijawahi kufika Walikale. Usingizi hauji na siutaki.

Jumatano, 15 Oktoba

Kaka Bahati anataka picha za miti kila wiki, kama baba aliyepeleka watoto bweni. Nimetuma. Mvua nzuri. Njia ya Mpofi imefungwa tena. Itafunguka.

Jumapili, 2 Novemba

Jana mvua ya mawe. Baada ya ibada nimekwenda kilimani peke yangu.

Chemchemi haijaziba. Maji bado ni ya kahawia. Miti ni midogo, haiwezi bado kushika kitu. Mitaro ndiyo imeshika matope, imejaa. Itabidi kuifukua. Kuna miche iliyokufa, nilitegemea.

Karibu na njia ya ng'ombe kuna mmoja uliokanyagwa. Kwato zinaonekana wazi kwenye udongo, mche umelala, umevunjika kabisa. Zamani hiyo ingekuwa kesi. Ningeshuka mbio, ningeandika kwa herufi kubwa.

Pembeni yake kuna mche mpya. Si wa kutoka Mpofi, majani si yale. Umetoka kwenye uwanja wa mtu. Umewekwa samadi, umezungushiwa vijiti, na udongo umebanwa kwa mikono. Alama za vidole bado zipo.

Watu wa Mpofi hawapo. Kwa hiyo ni mtu wa hapa. Labda ni mchungaji. Labda ni mtu wetu, aliyeona kabla yangu na hakutaka maneno. Mti ule ni wa nani sasa, sijui.

Nimechuchumaa pale muda mrefu. Simu ilikuwa na chaji, na mtandao ulikuwepo. Kaka Bahati alikuwa ameuliza tangu asubuhi: miti inasemaje? Nimemjibu: inaendelea. Picha sikupiga, wasije wakauliza mti ni wa nani.

Nimekaza kijiti kimoja kilichokuwa kimelegea, nikashuka kula na Mama.