Spoon Anamwandikia Moon

Nyambura, Moon wangu,

Najua huko uliko umeshaanza kunicheka kwa sababu nimekuandikia Kiswahili cha shule. "Kiswahili ya Nafula iko na tai," ulikuwa unawaambia watu sokoni, na wao wanacheka na mimi nanuna. Cheka tu. Siku hizi hakuna anayenicheka vizuri, na hata hilo nimeanza kulikosa.

Nianze na habari za nyumbani, maana nikianza na machozi utanikatiza. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mumeo Macharia hakumwuza, ingawa alitishia kumwuza kila siku ya mwezi wa nane. Viazi vya shamba la juu vimetoka vizuri. Vya chini viliungua na baridi, unajua Endarasha ikiamua. Mama mkwe wako yuko sawa, magoti tu. Bado ananiita Sipuni, na bado anaamini hilo ni jina la ukoo wetu huko Bungoma. Ulimdanganya vizuri sana siku ya arusi yako, na sasa nani atamwambia ukweli? Mimi sitamwambia.

Macharia anajaribu kumsuka Muthoni nywele. Ole wake! Wiki moja alimleta mtoto shuleni na kichwa kama shamba lililolimwa na mtu mwenye hasira. Nilimfumua, nikamkalisha nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, nikamsuka upya. Nilimwuliza kama naumiza. Hakujibu.

Hapo ndipo nilitaka kufika, rafiki yangu. Binti yako aliacha kusema. Nyumbani alikuwa anamjibu nyanya yake kwa neno moja, ndiyo au hapana, basi. Shuleni hata hilo hakulitoa. Tangu tulipokuzika ile asubuhi ya ukungu mpaka wiki iliyopita, sikusikia sauti yake darasani hata mara moja. Alikuja kila siku, amenawa, amevaa koti lako lile la kahawia, mikono imekunjwa mara nyingi mpaka inaonekana kama maandazi. Alikaa mahali pake. Aliandika vizuri. Mdomo, hapana.

Wewe utauliza: na yale maneno yetu? Ngoja, nitafika.

Unakumbuka jinsi tulivyoyapata? Ilikuwa mara tu baada ya Uhuru, darasa la tatu, kule Gatitu. Vitabu vya Kiingereza havikuwa vimefika, kwa hivyo Mwalimu Gathogo akatugeuza sisi kuwa kitabu. Kila mtoto akapewa neno moja, na akatafutiwa mwenzake ambaye neno lake linaishia kwa sauti ile ile. Rain akakaa na grain. Hen akakaa na pen. Mimi hakuna aliyetaka kukaa nami. Baba yangu alikuwa askari, tulikaa laini za polisi, na watu wa Gatitu walikuwa bado hawajasahau askari wa wakati wa Mau Mau. Watoto walinipisha njiani kana kwamba mimi ndiye niliyebeba bunduki. Mwalimu alipokupa moon, ukasimama umejishika kiuno, unangoja kuona nani atakuwa wako. Akanionyesha mimi kwa chaki. "Spoon."

Wacha nikuambie kitu ambacho pengine hukujua: sikukasirika kwa sababu ya kukaa nawe. Nilikasirika kwa sababu wewe ulipewa kitu cha mbinguni na mimi nikapewa cha jikoni. Nilinuna mpaka saa ya chakula. Ndipo ukanisogelea na Kiswahili chako kile, ukamega kiazi chako, ukanipa nusu. "Unanuna nini? Kwani mwezi inakula ugali? Kijiko ndio inakula kila siku." Nilicheka, na kiazi kikanipalia.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: maana haisemwi, inaonyeshwa. Lete kitu chenyewe au ukiigize. Mimi nilileta mwiko, akaukataa, akasema huo ni mwiko. Nyumbani tulikuwa na kijiko kimoja tu cha chuma, cha dawa. Mama aliniruhusu, lakini alikifunga kwenye mkono wangu kwa uzi, mafundo matatu, na nikaenda nacho shuleni kama mbuzi wa mnada. Wewe ulichora duara ubaoni. Mwalimu akalifuta, akasema hicho ni kifuniko cha sufuria. Kila siku alikuuliza, kila siku ukasema, "Mwarimu, ngoja." Halafu asubuhi moja ukaja unakimbia, umechelewa, miguu imelowa umande, na badala ya kuomba msamaha ukasimama mlangoni ukapiga kelele, "Kujeni! Kujeni haraka!" Tukatoka wote na Mwalimu nyuma yetu. Mwezi ulikuwa pale, juu ya milima ya Nyandarua, mweupe, umesahau kulala, na jua tayari limeshika theluji ya Kirinyaga upande wa pili. Hukusema neno. Ulinyoosha kidole tu. Mwalimu Gathogo akavua kofia.

Na bado hukuridhika! Ulishikilia kwamba maneno yakiwa na sauti moja ni lazima yawe ndugu, kwa hivyo na maana zao ni lazima ziwe na uhusiano. Mwalimu alieleza mpaka akachoka: sauti ni sauti, maana ni maana, hen hajawahi kuwa na habari na pen. Ukasema moon na spoon ni tofauti. Ati mwezi ukiwa mwembamba, Mungu anakorogea mawingu. Mwalimu alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mimi nilikuamini. Mpaka leo, mwezi ukiandama, natafuta mpini.

Na ile sheria nyingine, unaikumbuka? Neno halikai peke yake darasani. Mwenzako asipokuja, unasimama mahali pako unasema lako na kulionyesha, kisha unahama, unasimama mahali pake, unasema lake na kulionyesha pia. Ulipougua malaria nilikuwa moon wiki nzima, bila mwezi, natembea na kidole juu kama mwendawazimu.

Sasa turudi kwa Muthoni. Unajua mimi nawafundisha hawa wa darasa la pili vile vile. Unajua pia kwamba wewe ndiye uliyenivuta huku Endarasha. Nilitaka kuomba shule ya mjini, ukaniambia, "Kuja hapa, huku watoto wako na baridi lakini wako na masikio." Mwanzoni mwa mwaka nilimpa Muthoni boat na Kamau, mtoto wa jirani yenu, nikampa goat. Watoto wote walilia kwamba boat hawajawahi kuiona. Muthoni alikuja na nusu ya kibuyu, akaiweka ielee kwenye pipa la maji ya shule, akaweka maharagwe mawili ndani, akasema hao ni abiria. Ulikuja kunisimulia jioni, kana kwamba mimi sikuwepo. Ulikuwa na kiburi cha mtoto wako, wewe! Na Kamau, kwa upande wake, aliigiza mbuzi vibaya sana hivi kwamba ikawa vizuri: anapiga mguu chini, anainua kidevu, anatoa "meee" ya mbuzi mwenye madai.

Baada ya mazishi nilifika kwa boat, na mtoto akanyamaza. Kamau akanitazama. Nikamwambia endelea. Basi yule mvulana akahama, akasimama kando yake, akasema, "Boat," akakunja viganja kama kibuyu, akarudi kwake. Alifanya hivyo kila siku. Sikumwambia afanye na sikumwambia aache. Alikuwa anamsemea mtu ambaye yuko palepale, amevaa koti la mama yake.

Mwalimu mkuu aliniita. Si mtu mbaya. Alisema mtoto ambaye hasemi hawezi kupandishwa, na kama shule ikifungwa mdomo wake bado umefungwa, atarudi darasa la kwanza kuanza upya na wadogo. Nilibishana naye, unanijua. Aliniuliza, "Wewe mwenyewe umemsikia akisema nini?" Nilitoka nikaenda nyuma ya vyoo nikalia kwa hasira, kwa sababu nilijua wewe ungemfanya aseme kwa sentensi moja ya Kiswahili kilichovunjika, na mimi na cheti changu nimeshindwa.

Na kuna jambo jingine ambalo watoto waliliona kabla yangu. Kila asubuhi kabla yao nilikuwa nasema langu kwanza: "Spoon," nainua kijiko, na ndipo tunaanza; lako sikuligusa, maana mwenyewe ulikuwa hai. Tangu ulipokwenda sikusema. Nilianza moja kwa moja na wao. Kijiko kikabaki kwenye droo. Kusema spoon na kunyamaza, hapana. Kusema spoon halafu nihame mahali pangu niseme lako, hiyo ndiyo sikuiweza kabisa, Nyambura. Ningekuwa nakubali kwamba hukuja.

Wiki iliyopita Kamau hakuonekana. Alikuwa amefura mashavu, matubwitubwi, mama yake alimfunga kitambaa kichwani na kumkataza kutoka. Tulianza. Cake na lake, wakasema. Tree na bee, wakasema. Tukafika kwa goat. Hakuna goat. Boat yupo, lakini huyo ndiye hasemi. Nilitaka kupita. Wallahi, nilikuwa nimeshafungua mdomo niite jozi inayofuata.

Benchi likagonga. Muthoni amesimama.

Hakusimama mahali pake. Alihama kwanza, akaenda pale pa Kamau, akakunja mikono ya koti lako vizuri kama fundi anayeanza kazi. Akasema, "Goat." Sauti ilitoka imekwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa. Kisha akapiga mguu chini. Akainua kidevu. Na binti yako, ambaye sikumsikia tangu mwezi wa saba, akatoa "meee" ya mbuzi mwenye madai, ndefu, yenye hasira ile ile ya Kamau, mpaka mwalimu wa darasa la tatu akachungulia dirishani.

Watoto walicheka wakaangukiana. Na yeye akacheka! Kicheko chako kile cha pua, Nyambura. Kisha akarudi mahali pake, akasema, "Boat," akaonyesha kibuyu kwa viganja, akakaa. Nilishika meza. Sikulia, nakuapia, nilikuwa bado nashangaa.

Nikadhani yamekwisha. Nikageukia ubao. Nyuma yangu nikasikia, "Mwalimu, bado yako."

Ni yeye tena. Wote wakanitazama, na unajua watoto wakishikilia sheria. Nikavuta droo, nikatoa kijiko. "Spoon." Nikakiinua. Kisha nikahama. Ni hatua tu mpaka upande wa pili wa ubao. Nikasimama pale pako. Nikasema, "Moon."

"Onyesha!" wakapiga kelele wote, maana ndivyo nilivyowafundisha, wapumbavu wangu wapendwa.

Nilikosa cha kuonyesha. Nilisimama nimeshika kijiko, na mikono yangu haikujua ifanye nini. Ndipo Muthoni akasema, kwa Kiswahili chako kabisa, "Iko huko nje, mwalimu. Mama alinionyesha hiyo."

Akatangulia mlangoni. Tukamfuata, darasa zima. Ilikuwa asubuhi safi, bila wingu. Alinyoosha kidole kutoka kwenye ule mkono mkubwa wa koti, kuelekea Nyandarua. Ulikuwa pale, mweupe, umeliwa kidogo upande mmoja.

Kumbe ulikuwa umemtoa nje alfajiri wakati wa kukamua, ukamwonyesha, na hukuniambia. Ningekukasirikia lakini sina nguvu.

Tangu siku hiyo anasema. Si sana. Aliniambia nimemkaza nywele. Alimwambia mwalimu mkuu "Good morning, sir" akipita, na yule mzee akaniangalia, akaondoka bila kusema kitu kuhusu darasa la kwanza. Naona hilo limekwisha.

Basi pumzika, dada. Nilikuwa nataka kukuahidi kwamba nitamlea kama wangu, lakini ana baba na ana nyanya, na wanamlea. Ninachoahidi ni kidogo: nitamsuka kila Jumatatu kabla Macharia hajamgusa, na mwezi ukibaki asubuhi nitawatoa watoto nje, kila darasa nitakalopewa mpaka nistaafu.

Leo Kamau amerudi. Mashavu yamepungua, na alipiga mguu chini mpaka vumbi likapanda, amechukua neno lake. Lako nitaendelea kulisema mimi.

Wako,
Spoon