Barua za Kumliza Baba

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na za kazi? Namba yako ya simu haipatikani tena, ndiyo maana naandika kwa anwani ya ukumbi wenu wa maigizo. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama. Daktari anasema figo zake zimechoka. Tumemhamishia chumba cha mbele, karibu na mlango. Jana alikuulizia mara mbili, kisha akasema, "Mwambie baba yako aje kabla sijaota mbawa." Alicheka peke yake.

Tafadhali njoo umwone, hata kwa siku moja.

Mwanao,
Kitindamimba

12 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi mzima, koo tu limekauka kwa kupaza sauti jukwaani. Pole sana kwa kuuguza.

Sasa sikiliza. Nimepewa mchezo mkubwa: naigiza mgane anayemzika mkewe. Lazima nilie kila onyesho, machozi ya kweli, maana walio safu ya mbele wanaona kila kitu. Wenzangu hujipaka dawa ya kuchua chini ya macho. Mimi nilikuwa mkavu kama jiwe. Juzi nikaisoma barua yako nyuma ya pazia, hapo Mama aliponiulizia mara mbili. Nilitoka nikalia hadi mwongozaji akasimama!

Niandikie zaidi. Anakula nini? Mikono yake ikoje? Usipambe, andika ulivyoona. Mchezo ukiisha nakuja.

Baba yako

18 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini koo limepona. Barua yako ilitufurahisha. Nilimsomea Mama, ila pale pa mgane nilipapita.

Umeuliza mikono. Imevimba. Hospitalini walimkata pete yako kwa koleo dogo, akawa anatazama ukutani. Anakunywa supu vijiko vitano, cha sita anakitema. Namwosha kabla ya kwenda shule. Mwalimu wetu husema barua nzuri humfanya msomaji aone. Nimejitahidi uone.

Mama anauliza, huo mchezo unaisha lini?

Mwanao,
Kitindamimba

22 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Pete! Mwanangu, umenipa dhahabu. Nimemwambia mwandishi, naye ameitia mchezoni. Sasa mke wangu wa jukwaani anakatwa pete na ukumbi mzima unalia kwa kwikwi. Watu wa filamu wamekuja kunitazama mara mbili. Ongeza, ongeza!

Baba yako

15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za ukumbini? Leo nina habari njema. Dawa mpya zimemkubali Mama. Ametembea hadi uani, na jirani alipomwambia amekonda, Mama alimjibu, "Afadhali mimi nimekonda mwili, wewe umekonda akili." Njoo sasa, Baba. Atakupokea akiwa amesimama.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua ya Machi hukuijibu. Mama yu taabani. Hasemi wala hali. Daktari ametuambia tuwaite watu wake.

Kitindamimba

23 Mei

Kitinda wangu,

Barua yako imenikuta mbele ya kamera. Ndiyo, nimeingia kwenye filamu! Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikasema, "Haya, anzeni." Mwongozaji alisahau hata kusema, "Kata!" Fundi wa taa alilia, na yule ni mtu wa kulala kazini. Kuja siwezi, nimeshatia saini kazi nyingine. Mbusu Mama kwenye paji la uso. Ni kweli linakuwa la baridi?

Baba yako

30 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisamehe. Nilidanganya. Nilipoandika kuwa yu taabani, Mama alikuwa anamenya viazi. Nilitazama tarehe za barua zako nikaona habari mbaya hujibiwa upesi na njema haijibiwi. Nilidhani utakuja mbio, umkute mzima, tucheke sote. Mama hajui.

Mwanao,
Kitindamimba

8 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba, mjanja wangu! Nimecheka hadi nikaharibu vipodozi. Mwana wa nyoka ni nyoka. Una kipaji.

Filamu imekwisha na wanasema nitapata tuzo. Sasa naingia kwenye vichekesho vya televisheni, kwa hiyo ugonjwa basi, unanipooza. Niandikie ya kuchekesha tu.

Baba yako

12 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Safari hii ni kweli, naapa. Mama amerudi kitandani. Dawa zimemkataa. Anauliza, "Amefika?" kila mlango ukifunguliwa. Mwalimu wangu anaweza kuthibitisha, ukitaka. Njoo.

Mwanao,
Kitindamimba

20 Julai

Kitinda,

Nakufundisha kama mtu wa kazi. Kichekesho cha jana hakichekeshi leo. Kosa lako ni "naapa". Msema kweli haapi. Na huyo mwalimu wa kuthibitisha, umemtia chumvi. Kile cha mlango nimekipenda, lakini sina pa kukitumia. Ukiniletea tena matanga ya uongo, nitaujua mwandiko wako na bahasha sitaifungua.

Baba yako

17 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na vichekesho vinaendelea vizuri. Bahasha ameiandika mwenzangu wa darasani ili uifungue. Uliniomba ya kuchekesha. Nimepata moja.

Jumanne asubuhi tulimzika Mama. Alasiri wanawake walikaa uani wakiosha masufuria, na binti mmoja akawawekea filamu yako kwenye simu. Ulipolikumbatia jeneza, mgeni mmoja alijifuta macho akasema, "Jamani, kuna wanaume wanaojua kupenda." Jirani akamwambia, "Shoga, huyo ndiye mume wa marehemu." Mgeni akauliza, "Mbona huku hakuja kulia?" Jirani akajibu, "Huku kamera iko wapi?"

Walicheka, Baba. Mmoja alidondosha sufuria. Walijaribu kuziba midomo kwa kanga, wakashindwa. Hata mimi nilicheka.

Nimeandika nilivyoona, sikupamba. Natumaini itakufaa.

Mwanao,
Kitindamimba