Maji ya Makaburini

Shemeji Anselme,

Huku tuko salama. Plamu zimeiva mapema, nyingi zimeliwa na nyigu.

Jumapili nilitoa baiskeli nikapita njia yetu ya vilimani, ile isiyo na magari. Nilikutana na ng'ombe tu. Unakumbuka desturi yetu: chupa zikikauka tunatafuta makaburi ya kijiji, maana bomba la pale halikosi maji. Kaka yako Lucien alikuwa akitutania, "Kunyweni taratibu, wenyeji nao wana kiu."

Basi nilisimama bombani, nikajaza chupa mbili kama siku zote, yangu na yake. Nilipoinua macho nikaona msalaba wake, ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi mume wangu naye ni mwenyeji pale.

Maji ya chupa yake nikayamwaga kwenye maua ya kaburini. Udongo uliyanywa maji yote mara moja.

Siku ya mazishi ulisema huwezi kuja. Sikuulizi kwa nini. Baiskeli yako nimeitia mafuta, na tairi zina upepo. Njoo tupande pamoja. Ukichelewa nitakungoja kileleni, kama alivyokuwa akikungoja yeye.

Shemeji yako,
Solange